Mlifahamiana vipi? Swali la nne kwenye fomu linalowaudhi watu

Sabasaba hii nimesimama kwenye banda la ofisi yetu inayopokea malalamiko ya mtandaoni kuanzia tarehe 28 Juni mpaka tunafunga tarehe 13 Julai, na nikisema nimesimama namaanisha nimesimama kweli, maana viti viwili tulivyokuwa navyo vilikuwa vya walalamikaji. Tulienda pale Barabara ya Kilwa na vipeperushi na kofia. Kofia ziliisha siku ya tatu, watu hawakuisha, na wengi wakisogea neno la kwanza ni "nimehakiwa", yaani kuna mtu kaingilia simu au akaunti yake kwa ujanja. Ukimkalisha ukamsikiliza unakuta hajahakiwa na yeyote. Kuna mtu alimpa namba yake, picha zake na baadae hela yake, kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu alikuwa anamwamini. Hiyo ni ishu nyingine kabisa na ndo nataka kuiongelea hapa kwa lugha ya kawaida, maana vipeperushi vyetu najua hamsomi, nimeviona vimefungia karanga pale nje ya geti.

Nitangulize tu kwamba haya ni maelezo ya jumla. Mashauri yaliyoko polisi au mahakamani siyagusi, na kwenye mifano nimebadilisha vitu ili mhusika asijulikane.

Fomu yetu ya malalamiko, swali la nne linauliza: mlifahamiana vipi na mlalamikiwa? Hapo ndo watu wanapokasirika. Mama mmoja wa Mbagala, anauza vitenge, simu yake imepasuka kioo pembeni kaibana na raba ya kufungia hela, alinitazama usoni akaniuliza, mwanangu, na hilo nalo linawahusu nini? Nikamwambia mama linatuhusu sana. Akanyamaza kidogo, akafungua WhatsApp, akanipa simu.

Meseji za miezi mitano. Asubuhi umeamkaje, umekunywa chai, mchana picha ya bahari, usiku voisi noti ndefu mpaka nyingine dakika sita. Bwana ni injinia wa meli, mjane, anatafuta mke mcha Mungu. Hajawahi kupokea video koli hata moja kwa sababu "mtandao wa baharini ni mbaya", lakini voisi noti zinapita vizuri tu. Afu mzigo ukakwama bandarini, ikatakiwa 85,000 ya kibali "na uweke na ya kutolea", wiki iliyofuata 240,000 ya kodi, zikaendelea hivyo hivyo. Mimi kilichonishika siyo kiasi. Ni meseji moja mama alimwandikia siku ya kwanza anatuma: mbona jina linakuja la mwanamke? Jamaa akajibu dakika ile ile, huyo ni mhasibu wetu mpenzi. Mama akaweka namba ya siri.

Lile jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri, ndugu zangu, ndo kitu pekee kwenye mapenzi yote yale ya miezi mitano kilichokuwa kimethibitishwa na mtu mwingine. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, na laini ambazo hazikusajiliwa zikaanza kuzimwa baada ya tarehe 20 Januari 2020, kwa hiyo nyuma ya jina hilo kuna kitambulisho cha NIDA cha mtu fulani. Sisemi huyo mtu ndo tapeli, wapo wanaosajiliwa laini kwa vitambulisho vyao bila kujua, na ndo maana kila siku tunawaambia pigeni *106# muone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chenu na usiyoitambua uende kwa mtoa huduma ikafutwe. Ila jina likija tofauti na la mtu unayemjua, simama hapo hapo. Maelezo yake yatakuwa matamu, yanakuwaga matamu.

Nimefanya kazi hii muda wa kutosha na kitu ninachokiona kimebadilika siyo kwamba watu wamekuwa wajinga, hapana. Ni kwamba zamani mtu alikuja na mtu. Mchumba alikuja na mshenga, mpangaji alikuja na mdhamini au barua ya alikotoka, fundi uliletewa na jirani, mgeni akihamia mtaani mjumbe wa nyumba kumi anamjua kabla godoro halijashuka kwenye kirikuu. Yule wa katikati ndo uliyemwendea mambo yakiharibika. Simu imetuletea watu wengi sana, wazuri na wabaya, lakini kila mmoja amekuja peke yake, anajitambulisha mwenyewe, anajidhamini mwenyewe na picha kachagua mwenyewe. Sisemi ni vibaya. Mwenzetu hapa ofisini mke wake walianza kwa kubishana Simba na Yanga kwenye komenti za Facebook, leo wana watoto wawili na tulichanga harusi. Ila yule binti alifika kwao, akajulikana, na shangazi mtu akapiga simu Tanga kuulizia ukoo. Mtu wa katikati alipatikana, alichelewa tu.

Na nyie mnaoniambia "lakini akaunti ina blu tiki", ile alama ya buluu pembeni ya jina, naomba tumalize hili. X (enzi hizo Twitter) walianza kuiuza tiki mwishoni mwa 2022, Meta wakafuata 2023. Ile ni bidhaa inalipiwa kwa mwezi. Siyo muhuri wa serikali.

Sasa kwa nini tunauliza mlifahamiana vipi. Siyo umbea. Ni kwa sababu jibu lako ndo linatuonyesha ulalamike wapi. Kama mtu ni yule yule aliyejitambulisha, jina lake la kweli, sura yake ya kweli, mkapendana, akakukopa laki tano akaingia mitini, hilo kwa kawaida ni deni, yaani madai, unaenda kudai kama deni lingine lolote. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haina kifungu cha kuvunjwa moyo, nimeisoma yote. Lakini kama alijifanya mtu mwingine, katumia picha na jina la mtu asiye yeye, hapo tunaingia kifungu cha 15, na adhabu yake muijue vizuri: faini isiyopungua shilingi milioni 5 au mara tatu ya thamani ya faida aliyopata, inayozidi ndo hiyo, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Narudia, isiyopungua. Watu wanasoma hii sentensi kama ndo kiwango cha juu, kumbe ndo pa kuanzia.

Kifungu hicho hicho ndo kinamhusu anayeteka akaunti yako. Na hii ya kutekwa WhatsApp nayo imejaa sababu ya namna tunavyoishi Dar sasa hivi, kila kitu grup. Grup la mchango wa harusi, la msiba, la kikoba, la wazazi wa darasa la nne, la wapangaji wa nyumba moja ambao wanaonana kila asubuhi bafuni lakini bili ya maji wanadaiana grupuni. Tapeli haji kwako kama mgeni, anakuja na sura ya katibu wenu. Anaanza na wewe: "samahani nimekutumia namba sita kimakosa, naomba unirudishie". Zile ni namba za WhatsApp za kufungulia akaunti yako, ukimpa umempa akaunti, dakika tano baadae yuko grupuni kwa jina lako anaomba dharura ya hospitali, na watu wanatuma kwa sababu ni wewe, mwenye heshima zako. Yaani heshima uliyoijenga miaka kumi inatumika kuwaibia uliojenga nao. Wekeni ule uthibitisho wa hatua mbili, na kabla ya kutuma pigeni simu ya kawaida, ya sauti, kwenye namba ya kawaida. Mtu akipiga kuhakikisha usinune.

Kundi lingine ni wanandoa. Hili lilinichosha bandani kuliko yote. Baba mtu mzima, kavaa vizuri, ananivuta pembeni: kijana wangu, nisaidieni kunitolea meseji za mke wangu. Mwingine dada anataka tumwonyeshe mume wake yuko wapi muda huu. Jamani. Kwanza meseji za WhatsApp zimefungwa kati ya simu na simu tangu 2016, hakuna faili letu ofisini tunalofungua tukasoma. Pili hata kama ingewezekana, Ibara ya 16 ya Katiba inampa kila mtu faragha yake na mawasiliano yake, ndoa haiifuti. Tatu, na hapa ndo watu wanashangaa, wewe unayechukua simu ya mwenzio akiwa usingizini ukaiunganisha WhatsApp yake kwenye laptop yako ili uwe unasoma, unaweza kuwa umeingia kwenye kifungu cha 4 cha ile ile Sheria ya Makosa ya Mtandao, kuingia kwenye mfumo wa kompyuta wa mtu bila idhini, faini isiyopungua milioni 3 au mara tatu ya faida uliyopata, au kifungo kisichopungua mwaka 1, au vyote. "Lakini ni mume wangu" siyo idhini. Yule baba nilimwambia aongee na mkewe. Akaniambia nyumbani hawaongeagi siku hizi, kila mtu yuko na simu yake. Sikuwa na fomu ya hilo.

Vitisho vya picha za faragha. Hapa sitanii na sitamlaumu mtu, ulituma ukimwamini, sawa, yameshatokea. Akianza "nitumie hela la sivyo naposti", usimlipe, maana akishalipwa mara moja anajua mlango uko wapi. Kutuma ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumlazimisha au kumtesa mtu kiakili ni kifungu cha 23 cha sheria hiyo hiyo, faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote, na picha zenyewe akizisambaza kuna makosa mengine mazito zaidi juu yake. Kama aliyetishwa ni mtoto chini ya miaka 18, piga 116 au nenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na mzazi tafadhali usianze na kipigo, ukianza na kipigo mtoto anafuta kila kitu na ushahidi unakufa.

Na msiwaposti. Najua inauma, najua mnataka mtaa wote umjue. Lakini yule "injinia wa meli" picha zake ni za mtu fulani aliyeko zake huko, hajui kitu, kaibiwa sura. Ukizisambaza na maneno "tapeli huyu hapa", aliyechafuliwa ni huyo asiye na kosa, na anaweza kuja kukulalamikia wewe, na nitampa fomu ile ile.

Utaratibu sasa, naomba usomwe taratibu kwa sababu hapa ndo kesi nyingi zinapokufa.

Usifute chati. Usimblok kabla hujahifadhi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, inaukubali ushahidi wa kielektroniki, lakini mahakama itaangalia ulitengenezwaje, ulitunzwaje, haukuchezewa, na aliyeutuma anatambulikaje. Kwa hiyo simu yenyewe ndo ya maana, skrinishoti inasaidia tu. Na hiyo skrinishoti ioneshe namba. Nimepokea skrinishoti arobaini za mtu mmoja, zote juu zimeandikwa "Asali wa Moyo". Asali wa Moyo hatuwezi kumtafuta. Fungua profaili yake namba ionekane, piga skrinishoti hapo, tarehe na saa zisikatwe, usizungushie duara jekundu, usiandike maneno yako juu yake.

Kama hela imetoka, piga huduma kwa wateja 100 ya mtandao wako muda huo huo, siyo kesho, siyo baada ya kumalizana naye kwanza. Ikikutwa haijatolewa kuna uwezekano wa kuzuiwa, ikishatolewa kwa wakala tunaongelea upelelezi, na upelelezi una muda wake, msituulize kila asubuhi. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040 pamoja na namba iliyokutumia, hii wengi wanaipuuza kwa sababu hairudishi hela, lakini inasaidia namba ifungiwe kabla haijamfikia mwingine. Afu kituo cha polisi cha karibu, chochote, siyo lazima uvuke mji mzima, uandikishe maelezo upate RB, ile namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Bila RB mtoa huduma hawezi kukupa taarifa za mteja mwingine hata ulie vipi, na wala sisi hatuwezi. Wanaosema "nimezungushwa" mara nyingi walianzia mwisho.

Yule mama wa Mbagala swali la nne alilijaza mwenyewe, kwa mkono, kaandika: alinitumia salamu nikiwa sina wa kuongea naye. Nafasi ilikuwa mistari miwili na alitumia mmoja. Nikamsaidia mengine, namba za miamala, tarehe, lile jina la mhasibu. Kituoni alienda na mwanae wa kiume ambaye mpaka siku ile hakuwa anajua chochote.

Mkija ofisini njooni na kitambulisho, simu yenyewe yenye hizo meseji, na iwe na chaji.