Sili za mpira zinaekspaya? Tuongee tarehe, stoo na mafuta

Swali linaloletwa sana maabara kwetu ni hili, mtu ana boksi la oringi (pete za mpira) au sili nyingine, yaani vipande vya mpira vya kuzuia uvujaji, zimekaa stoo miaka sita, bado nyeusi bado zinang'aa, anauliza afunge au atupe. Kumjibu hapohapo haiwezekani maana lazima tujue ni mpira wa aina gani, umetunzwaje, na ukishafungwa utakutana na kimiminika gani. Tarehe peke yake haitoshi, japo nayo ina kazi yake.

Muda wa sili kukaa stoo unahesabiwa kuanzia mpira ulipopikwa kiwandani, siyo siku uliyonunua wala siku uliyofungua pakiti. Kwenye pakiti zilizoandikwa vizuri utakuta alama kama 3Q22, yaani robo ya tatu ya mwaka 2022, kati ya Julai na Septemba. Pakiti ambayo haina tarehe wala aina ya mpira mimi siwezi kushauri uifunge kwenye kitu ambacho kikivuja mtu anaumia, hata kama bei yake ni nzuri.

Kiwango cha kimataifa ISO 2230 kimegawa mipira makundi matatu, na herufi kama SBR au EPDM ni vifupi vya majina ya mipira ya kutengenezwa viwandani. La kwanza ni mpira asilia, SBR na poliyurethani, hizo zinapewa miaka 5. La pili lina nitraili, neoprini na butaili, miaka 7. La tatu ni silikoni, EPDM na FKM ambayo mafundi wengi wanaijua kwa jina la Viton, miaka 10. Muda ukiisha hazitupwi papo hapo, zinakaguliwa na zikionekana ziko sawa zinaongezewa miaka 2, 3 au 5 kwa mpangilio huohuo wa makundi. Sasa angalia hapa, miaka hiyo ni ya sili iliyotunzwa vizuri na haijafungwa popote. Ikishaingia kwenye mashine hesabu inabadilika kabisa, joto na presha vinaweza kuimaliza ndani ya miezi.

Adui mkubwa wa mpira ukiwa stoo ni ozoni, na hapa ndo watu wengi wanapigwa bila kujua. Ozoni ni gesi, iko kidogo kwenye hewa ya kawaida lakini inaongezeka karibu na mota za umeme zinazotoa cheche, mashine za kuchomelea, taa za mvuke wa zebaki na vifaa vya umeme mkubwa. Inashambulia sehemu fulani dhaifu kwenye minyororo ya mpira asilia na nitraili na kuikata. EPDM, silikoni na FKM hazina huo udhaifu kwenye mnyororo wenyewe, ndo maana ziko kundi la miaka mingi. Ila nitraili iliyolala imetulia haipati shida kubwa, nyufa zinakuja pale ambapo mpira umevutwa au umekunjwa. Ndo sababu kutundika oringi kwenye msumari ni kuziharibu, pale juu inapoegemea msumari inajikunja na kubeba uzito muda wote na ufa unaanzia palepale. Vivyo hivyo kuzifunga na uzi, kuzikunja zitoshe kwenye kopo dogo, au kuzirundika mpaka za chini zinakuwa bapa.

Kwa hiyo ziache zimelala flati, kwenye pakiti yake ya plastiki iliyofungwa, gizani, mbali na jua na taa kali, ikiwezekana chini ya nyuzi 25 na unyevu chini ya asilimia 70. Usiziweke stoo moja na petroli, thina au asidi. Usiziache zigusane na shaba tupu, shaba inaharakisha kuoza hasa kwa mpira asilia. Zilizotangulia kuingia zitangulie kutoka, basi.

Ukitaka kukagua mwenyewe chukua moja, ikunje juu ya kidole gumba kwa taratibu halafu tazama mgongo wake kwa lenzi kwenye mwanga mzuri. Ukiona vimistari vidogo vinavyokatisha upande ule mpira unaovutika, huo ni ufa wa ozoni, tupa. Ukiikunja ikabaki na alama ya kukunjwa, au imekakamaa, au inanata vidoleni, tupa pia. Unga mweupe juu yake usikutishe, mara nyingi ni nta au dawa iliyochanganywa ndani inayotoka nje yenyewe, futa na kitambaa kikavu uangalie chini yake kukoje. Kuosha ni maji ya vuguvugu na sabuni, siyo petroli.

Haya tuje kwenye kemikali, maana sili mpya kabisa inaweza kufa wiki ya kwanza ikikutana na kimiminika kisichokuwa chake. Nitraili inapatana na mafuta ya injini, dizeli, girisi na mafuta ya haidroliki ya kawaida, lakini asetoni na mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4 zinaiharibu. EPDM ni kinyume chake, maji ya moto, mvuke na DOT 4 haina shida navyo, ila mafuta ya madini, yaani yanayotokana na petroli ghafi kama ya injini, yanaivimbisha. Ndo maana mtu akijazia mafuta ya injini kwenye kopo la breki za gari, sili zinavimba, breki zinaanza kushika zenyewe, na hapo kumwaga mafuta tu hakusaidii, sili zote zilizoguswa zinabadilishwa. Na usikariri, kuna baiskeli zenye breki za haidroliki zinazotumia mafuta ya madini, kule ukiweka DOT ndo unaharibu. Soma kifuniko.

FKM inavumilia petroli na joto la mpaka kama nyuzi 200, watu wakaichukulia kama dawa ya kila kitu. Siyo. Asetoni, amonia na mafuta ya breki vinaishinda. Silikoni nayo inapenda joto na baridi kali lakini petroli inaivimbisha, na inachanika kirahisi, kwa hiyo oringi yake usiifunge kwenye shafti inayozunguka. Rangi isikudanganye kabisa, kahawia siyo lazima iwe FKM wala kijani siyo lazima iwe ya AC, kiwanda kinaweza kupaka rangi yoyote kinayotaka.

Na jeli ya mafuta ile ya kupaka ngozi, watu wanaipaka kwenye sili za bomba la maji ziingie kirahisi. Nyingi za hizo ni EPDM, zinavimba. Tumia girisi ya silikoni, isipokuwa kama sili yenyewe ni silikoni. Jeli hiyohiyo inadhoofisha glavu na kondomu za mpira asilia.

Kama bado huna uhakika, chukua mbili za pakiti moja, pima unene kwa vernia (kipimo cha kubana cha fundi), moja itumbukize kwenye kimiminika chenyewe ndani ya chupa yenye mfuniko siku tatu, nyingine iache kavu ya kulinganishia. Ikitoka imenenepa waziwazi, imelainika kuliko ile kavu, au kimiminika kimebadilika kuwa cheusi, tafuta mpira wa aina nyingine. Ikitoka imesinyaa na kukakamaa pia siyo yenyewe, maana imenyonywa vilainishi vyake na itavuja kwenye baridi.