Bastola ya fataki: kuunyima moto mwanya

Aliyezoea bastola za siku hizi, akikabidhiwa Colt ya mwaka 1851 au Remington inayoitwa ya 1858, kwanza hutafuta pa kuingizia risasi. Hapaoni, kwa sababu risasi yenyewe bado haijaundwa. Baruti, goroli ya madini ya risasi na fataki, yaani kikofia kidogo kinacholipuka kikigongwa na nyundo na kuwasha baruti, huingia kila kimoja kivyake, na anayeviunganisha ni mpigaji. Katika bastola ya kisasa, ganda la shaba hutanuka baruti inapowaka na kuziba chemba, yaani tundu ambamo risasi hukaa, moto usipate pa kuvujia kwa nyuma. Hapa ganda hilo halipo. Kuziba kumebaki kazi ya mikono yako, na karibu kila ninachomfundisha mwanafunzi kuhusu kujaza kinalenga jambo hilo.

Baruti iwe nyeusi, ile ya kale yenye takriban asilimia 75 ya shura, 15 ya makaa na 10 ya salfa, au mbadala uliotengenezwa mahususi kwa silaha hizi. Punje ndogo za daraja la FFFg ndizo hutumika sana kwenye bastola. Baruti isiyo na moshi, ya risasi za kisasa, isiingie humo hata chembe: shinikizo lake linaweza kuipasua silinda, kile kipande kinachozunguka chenye chemba, mkononi mwako. Usitegemee macho kuzitofautisha, maana za kisasa nyingi nazo ni nyeusi au za kijivu kilichokoza. Kopo lisilo na lebo ya kiwanda mimi siligusi, hata likiwa la rafiki ninayemwamini.

Kabla ya kujaza, hakikisha chemba zote ni tupu, kisha zipanguse mafuta yaliyopakwa wakati wa kuhifadhi. Mafuta hulowesha baruti. Halafu vika fataki kwenye kila chuchu, yaani vile vijibomba vidogo vilivyo nyuma ya silinda, uelekeze mdomo wa mtutu karibu na jani la nyasi upande wa shabaha, ufyatue. Jani likitikisika, njia ya moto iko wazi. Lisipotikisika, hapo pana uchafu wa kuondoa. Ukimaliza ondoa mabaki ya fataki zote.

Sasa mtutu utazame juu, nyundo iwe imevutwa nusu ili silinda izunguke. Mimina baruti kwanza kwenye kipimo, kisha toka kwenye kipimo uitie kwenye chemba. Usimimine moja kwa moja kutoka kwenye chupa ya baruti, kwa kuwa kaa dogo lililobaki chembani litawasha chupa nzima mkononi. Kwa bastola ya .44 (kipenyo chake kwa inchi) mimi huanza na greni, kipimo kidogo cha baruti, 20 hadi 25 kwa ujazo, na kwa shabaha sioni haja ya kuzidisha sana. Zenye fremu ya shaba zijazwe kidogo zaidi, maana shaba huchoka mapema kuliko chuma. Kikomo cha juu ni kile kilichoandikwa na aliyeitengeneza bastola yako.

Goroli iwe ya madini laini ya risasi na iwe kubwa kidogo kuliko chemba. Bastola za .44 nyingi hutumia inchi .451 au .454. Ukibonyeza wenzo wa kushindilia, ukingo wa chemba unapaswa kunyoa pete nyembamba ya risasi kutoka kwenye goroli. Mimi hupenda sana kuiona pete hiyo: ikitoka duara kamili, ujue chemba imezibwa pande zote. Isipotoka, goroli ni ndogo, nayo inaweza hata kusogea mbele kwa mtikisiko wa milio ya chemba nyingine. Shindilia mpaka goroli iikalie baruti bila nafasi ya hewa kati yao, kwani nafasi hiyo inaweza kuleta shinikizo lisilotabirika. Ikiwa baruti ni kidogo na wenzo haufiki, jazia juu yake unga wa semolina kabla ya goroli.

Wapigaji hubishana sana kuhusu mlipuko wa mfululizo, pale chemba moja inapowaka ikawasha na jirani zake ambazo hazijalingana na mtutu. Wengi hupaka grisi juu ya kila goroli, wengine huweka kisahani cha sufu chenye mafuta kati ya baruti na goroli. Mimi nachagua kisahani, maana grisi huyeyuka bastola ikipata joto. Lakini naona watu wanahangaika na mbele na kusahau nyuma. Fataki iliyolegea, au kubwa iliyobanwa kwa vidole ili ishike, huacha mwanya wa moto kuingilia. Tafuta saizi inayokaa vizuri kwenye chuchu zako, iwe namba 10 au 11. Na mkono wa pili usiwe kamwe mbele ya silinda unapofyatua.

Fataki huja mwisho, ukiwa umesimama kwenye mstari wa kupigia na mtutu ukielekea shabaha. Jaza chemba 5 kati ya 6, nyundo ilale juu ya ile tupu. Vaa miwani na vizibo vya masikio, kwani vipande vya fataki huruka. Wakati wa kukoki, inua mdomo wa bastola kidogo, bado ukielekea shabaha, ili vipande hivyo vidondoke nje badala ya kuingia kwenye mitambo. Ikikataa kulipuka, iache ikitazama shabaha dakika nzima. Moto unaweza kuwa unafuka ndani, na aliyeigeuza kuichungulia yuko mbele ya mtutu.

Zaidi ya nusu ya uzito wa baruti nyeusi hugeuka masizi na moshi badala ya gesi, na masizi hayo huvuta unyevu hewani na kula chuma. Osha siku hiyohiyo kwa maji ya moto na sabuni, fungua chuchu uzisafishe, kausha, paka mafuta. Kisha nawa mikono kabla ya kula chochote, kwa sababu ya risasi uliyoishika.