Kwa nini mita inasema volti 12 na injini ya boti haiwaki?

Unazungusha ufunguo, injini ya boti inatoa "tak" moja, kisha kimya. Unachukua mita, unagusisha ncha moja kwenye stata (mota ya umeme inayozungusha injini ili iwake) pale unapoingia waya mnene wa betri, nyingine kwenye bodi ya injini: volti 12.6. Basi umeme umefika, nyaya ni nzima, kilichokufa ni stata. Mimi nilisema hivyo hivyo, nikanunua stata mpya, nikaifunga kwa jasho. Nayo ikatoa "tak" moja.

Dhana iliyonipoteza ni kwamba volti ni kama maji ndani ya ndoo: zikionekana mahali, zipo, ni za kuchota tu. Lakini volti ni msukumo. Kinachozungusha stata ni mkondo, yaani ampea, na msukumo unaweza kufika salama mahali ambapo mkondo hauwezi kupita.

Chukua mpira wa kumwagilia maji uliojaa mchanga katikati, pamebaki kitundu cha sindano tu. Fungua bomba huku umeziba mwisho wa mpira kwa kidole gumba. Ukisubiri kidogo utahisi msukumo kamili, sawa na ule wa bombani, maana maji yamesimama na kitundu cha sindano kinatosha kupitisha msukumo. Sasa ondoa kidole. Matone. Mchanga ulikuwemo tangu mwanzo, ila ulikuwa hauna cha kuzuia mpaka maji yalipotakiwa kutembea.

Mita ndiyo hicho kidole. Mita nyingi za kidijitali zina ukinzani, yaani uzuiaji wa mkondo, wa omu milioni 10 hivi, kwa hiyo hunywa takriban sehemu moja ya milioni ya ampea. Weka njiani kiungo kilichooza chenye ukinzani wa omu 1,000, kiungo kisichoweza kuwasha hata balbu ndogo ya kawaida, na mita bado itaonyesha 12.6. Upungufu wenyewe ni kama sehemu moja ya elfu ya volti, hauonekani hata kwenye kioo cha mita. Nakiri jambo hili hunifurahisha kuliko inavyostahili: kifaa kinapima kwa usahihi mkubwa, na usahihi huo huo ndio unaokuponza.

Hesabu ya stata ni nyingine kabisa. Stata huvuta ampea 100 na kuendelea. Kiungo chenye ukinzani wa omu 0.03 tu, ambao mita ya kawaida haiwezi kuupima vizuri, kikipitisha ampea 100 hula volti 3 na kugeuza wati 300 kuwa joto papo hapo. (Ndiyo maana mafundi wa zamani hupapasa viungo mara tu baada ya kupiga stata: kinachounguza ndicho kibovu.) Kiungo hicho hicho kikilisha taa ya ampea 5 hupoteza volti 0.15, na taa inang'aa kama kawaida. Kwa hiyo ile hoja nyingine, "mbona taa zinawaka?", nayo haithibitishi kitu. Taa za LED ni mbaya zaidi kwa uchunguzi, maana hula umeme kidogo mno.

Mfano wa mpira unafika mwisho hapa, kwa sababu maji yakishamwagika hayadaiwi kurudi. Umeme lazima urudi betrini, na nusu ya njia hiyo ni upande wa hasi, ambao watu wengi hawaupimi kabisa. Dalili yake ni ya ajabu kidogo: unawasha pampu ya kutoa maji ya ngama (yanayojikusanya chini ndani ya boti), na taa ya kuongozea inafifia, au kifaa ulichokizima kinaamka nusunusu. Mara nyingi ni kiungo cha hasi kinachotumiwa na vifaa vyote kimelegea au kimeliwa, na mkondo unatafuta njia ya kurudia kupitia kwa jirani.

Kipimo chenyewe ni rahisi, ila kinaonekana kama kichekesho: unapima waya mmoja, ncha zote mbili. Ncha moja ya mita iguse nguzo ya chanya ya betri, ile risasi yenyewe wala si kibanio chake. Nyingine iguse stata pale unapoingia waya mnene. Kisha mwenzako azungushe ufunguo, mikono yenu ikiwa mbali na mikanda. Hapa sifuri, au karibu nayo, ndiyo habari njema. Ukiona volti 2, hizo zimeliwa njiani. Sogeza ncha kiungo kwa kiungo mpaka uzikamate. Rudia upande wa hasi. Bila mzigo kuvuta, hata waya uliooza utasoma sifuri. Kwa vifaa vidogo, viwango vya American Boat and Yacht Council vya Marekani huruhusu upotevu wa asilimia 3 kwenye taa za kuongozea: volti 0.36 kati ya 12, kwenda na kurudi.

Pima pia betri yenyewe wakati stata inavutwa. Ikishuka chini ya volti 9.6 hivi, huenda ni betri, ingawa stata iliyokwama nayo huishusha vivyo hivyo, kwa hiyo usikimbilie dukani.

Mlaji mkuu baharini ni chumvi. Huvuta unyevu hewani hata boti ikiwa imeanikwa, na shaba hugeuka ukijani. Rangi hiyo peke yake si hukumu, kwani kuna viungo vya kijani vinavyopitisha vizuri na vinavyong'aa ambavyo havifai. Grisi haiponyi kitu. Hupakwa baada ya kusafisha na kukaza, kuzuia unyevu.

Kiungo changu kilikuwa cha hasi, kwenye bodi ya injini. Nilidhani nitakata sentimita mbili za waya na kubana kichwa kipya. Maji yalikuwa yamepanda ndani ya ngozi ya waya kama mafuta kwenye utambi, na nilikata karibu shubiri nzima ya shaba nyeusi kabla ya kukuta inayong'aa. Stata ya zamani nilirudishia kwa majaribio. Ilizunguka mara ya kwanza.