Priventa ya bumu ni nini, na kwa nini ianzie nchani

Priventa ni kamba inayozuia bumu la yoti lisivuke upande wa pili bila nahodha kutaka. Bumu lenyewe ni mti wa ulalo, siku hizi wa alumini au kaboni, unaotoka mlingotini kuelekea tezi, yaani nyuma ya chombo, na kushika ukingo wa chini wa tanga kuu. Aliyezoea majahazi ya pwani hakulikuta humo, kwa sababu tanga lao huning'inia kwenye foromali, mti wa tanga ulioko juu, na chini hamna mti. Wana-Nairobi waliojifunza vimashua Naivasha, au zamani kwenye Bwawa la Nairobi kabla gugumaji halijalifunika, wanalijua vizuri: limewapita juu ya utosi mara nyingi. Kwenye kimashua msaidizi hulizuia kwa mkono. Kwenye yoti ya mita 12 baharini, mkono haufui dafu.

Mnaoteremka pwani likizo ya Agosti mnakuta kusi, upepo wa kutoka kusini, imeshika. Yoti ikitoka Kilifi kwenda Lamu, upepo unaisukuma kutoka nyuma, tanga kuu limefunguliwa hadi karibu liguse nyaya za mlingoti, na mawimbi yanaiyumbisha. Ni safari tamu, lakini mwenye usukani akipotoka nyuzi chache, au wimbi likiisukuma tezi, upepo unalikamata tanga kwa upande wake wa pili. Bumu linavuka chombo kizima kufumba na kufumbua. Likikukosa kichwani, demani, yaani kamba inayolivuta na kulilegeza tanga, inaweza kukuzoa ikakutupa majini. Juni 2016, kaskazini mwa New Zealand, watu wawili wa yoti iitwayo Platino walipoteza maisha baada ya bumu kuanza kuvuka bila kudhibitiwa. Na mtu asidanganywe na upepo unaopanda polepole: kasi yake ikitoka noti 10 hadi 20 (noti ni kipimo cha kasi baharini), nguvu yake juu ya tanga huwa mara nne, si mara mbili.

Kuifunga si kazi ngumu. Kamba huanzia kwenye ncha ya nyuma ya bumu, hupita nje ya nyaya za mlingoti na nje ya reli, huingia kwenye kapi lililofungwa imara omo, yaani mbele ya chombo, kisha hurudi kando ya sitaha hadi kwenye winchi, ngoma ya kukazia kamba, iliyo karibu na usukani. Legeza tanga kadiri unavyotaka, kaza priventa, halafu vuta demani kidogo ili bumu lishikwe mbele na nyuma, lisipate pa kucheza. Tumia kamba ya poliesta isiyo nyembamba kuliko demani. Nailoni ya kawaida hunyumbuka mno.

Wengi huifunga katikati ya bumu na kuishusha sitahani karibu na mlingoti, kwa kuwa ni karibu na haina usumbufu. Mimi siikubali njia hiyo. Jaribu kuuzuia mlango unaosukumwa kwa kuushika karibu na bawaba, utaona unavyohitaji nguvu maradufu. Tena kamba iliyoshuka wima hulivuta bumu chini badala ya kulivuta mbele. Baya zaidi, chombo kikilala na ncha ya bumu ikachota maji huku katikati pamefungwa, bumu linaweza kuvunjika hapo hapo.

Usumbufu wa nchani upo, kwa sababu tanga likishafunguliwa ncha huwa nje juu ya maji, na hakuna anayepaswa kuinyoshea mkono huko. Dawa yake ni kuacha kipande cha kamba kimefungwa nchani siku zote, kimelazwa chini ya bumu hadi karibu na mlingoti. Wakati wa kuhitaji priventa unakiunganisha na kamba inayotoka omo, ukiwa umesimama salama katikati ya chombo.

Mwisho wa kamba lazima ufikiwe na mwenye usukani. Upepo ukishalijaza tanga kinyume, bumu linabaki limeshikwa lakini yoti inaweza kulala ubavu na kukataa usukani. Hapo priventa hulegezwa taratibu kwenye winchi, mizunguko ya kamba ikibaki juu yake, huku wote wameinamisha vichwa na wamekaa mbali na njia ya demani. Ukifungua mara moja umejiletea mkasa uleule uliokuwa ukiukimbia.

Kwa safari ndefu, funga priventa mbili, moja kila upande, kabla ya kutoka bandarini.