Tupa Ndani ya Mkate: Kulinganisha Matini na Wanafunzi wa Gredi ya 8

Ukiwaambia wanafunzi wa Gredi ya 8 walinganishe hadithi na utenzi, wengi wataandika kwamba moja ni nathari na nyingine ni ushairi, kisha watafunga daftari. Jibu hilo si kosa, ila linataja maumbo tu. Ndiyo maana siwapi kisa kizima, bali tukio moja, na ninalolipenda zaidi ni kutoroka gerezani kwa Fumo Liongo, shujaa na mshairi wa masimulizi ya Waswahili.

Natumia matini mbili zilizoandikwa: masimulizi ya nathari yaliyokusanywa Unguja na Edward Steere na kuchapishwa London mwaka 1870, na utenzi wa Muhamadi Kijumwa wa Lamu, wa mwaka 1913. (Steere ni mkusanyaji, na darasa hulichangamkia sana swali la nani hasa aitwe mwandishi wa nathari ile.) Liongo anampa kijakazi ujumbe ampelekee mamake, mama anaficha tupa, yaani kifaa cha kukerezea chuma, ndani ya mkate wa wishwa, ambao walinzi hawautamani, naye Liongo anaikata minyororo huku mlio wa tupa ukimezwa na kishindo cha pembe na matoazi.

Swali langu ni moja: tunajuaje kwamba pana kelele? Nathari hutuambia tu. Utenzi hauna budi kuyabana hayo katika mizani 8 za kila mshororo, na ukighanwa, sikio hupata jambo ambalo jicho hulipita haraka, yaani kile kina cha bahari kinachorejea mwishoni mwa kila ubeti.

Kisha huwaagiza watunge mchezo mfupi wa redio, na hapo ndipo ugumu wenyewe hujitokeza. Kelele ni rahisi, kwa kuwa madawati yapo. Lakini tupa isiposikika, msikilizaji hajui kinachoendelea, nayo ikisikika, mbona walinzi hawaisikii? Kundi moja hushusha ngoma kwa muda mfupi, jingine humfanya Liongo ajisemee kwa kunong'ona, na kila uamuzi huzua mabishano ambayo siyakatizi.

Baada ya hapo ndipo wanapoandika, na kila sentensi ya ulinganisho sharti iwe na "ilhali" pamoja na "kwa sababu". Atakayeandika "ilhali" pekee humrudishia daftari bila alama.