Silaha ya kudhuru: kwa nini nunchaku haina leseni kama bunduki

Kila mwanafunzi mpya wa sanaa za mapigano anaposhika nunchaku, yaani vijiti viwili vilivyounganishwa kwa mnyororo au kamba, kwa mara ya kwanza, swali ni lile lile: leseni yake inatolewa wapi? Kwa aliye Uingereza, jibu ni kwamba haitolewi popote. Hakuna fomu wala ofisi ya kwenda. Mkanda mweusi nao si kibali, ingawa wapo wanaoamini kwamba anayeupata lazima akaandikishe mikono yake polisi. Kujiandikisha kwa namna hiyo kumo katika sheria za Guam, kisiwa cha Pasifiki kilicho chini ya Marekani, ambako bingwa wa karate au judo anatakiwa ajulikane serikalini. Uingereza hakuna kitu kama hicho.

Lakini kukosekana kwa leseni hakuna maana kwamba uko huru kutembea na nunchaku mfukoni. Hapa ndipo wengi wanapoingia matatani, na ndiyo sababu dhana ya silaha ya kudhuru inafaa kueleweka vizuri.

Tuanze na bunduki, kwa kuwa sheria yake ni rahisi zaidi kuieleza. Chini ya Sheria ya Silaha za Moto ya mwaka 1968, anayeitaka huanzia polisi. Anataja sababu, kwa mfano kuwinda kulungu au kulenga shabaha klabuni. Polisi wanapitia rekodi yake ya jinai, wanapata taarifa za afya kutoka kwa daktari wake, na wanakagua mahali atakapoifungia. Cheti hudumu miaka 5. Kusema unaitaka ya kujilinda hakukubaliki kama sababu. Hata hivyo mfumo huu uliwahi kushindwa vibaya: tarehe 13 Machi 1996, huko Dunblane, Uskoti, mtu mwenye bastola alizozimiliki kihalali aliwaua watoto 16 na mwalimu wao shuleni. Mwaka uliofuata karibu bastola zote zikapigwa marufuku kwa raia.

Maswali yote hayo huulizwa kabla bunduki haijafika mkononi. Ukikutwa nayo bila cheti, kosa limeshakamilika. Hakuna haja ya kuthibitisha ulitaka kumpiga nani.

Silaha ya kudhuru inakwenda kwa njia nyingine. Kwa Uingereza na Wales maana yake imo katika Sheria ya Kuzuia Uhalifu ya mwaka 1953, inayokataza mtu kuwa nayo mahali pa umma bila mamlaka ya kisheria au sababu ya maana. Silaha hiyo ni kitu kilichotengenezwa ili kumjeruhi mtu, au kilichogeuzwa kwa kazi hiyo, au kitu chochote kile ambacho aliyekibeba amekusudia kujeruhi nacho. Kisu cha springi kimo katika aina ya kwanza. Chupa iliyovunjwa makusudi ili ibaki na ncha ni ya pili. Ya tatu haina mwisho: mpini wa jembe, mwiko wa ugali, kufuli ndani ya soksi.

Tofauti ya aina hizi huonekana mahakamani. Kwa mbili za kwanza, upande wa mashtaka hauhitaji kuthibitisha nia yako. Wewe ndiye unayepaswa kuonyesha kwamba ulikuwa na sababu. Kwa ile ya tatu, nia lazima ithibitishwe. Kuna kesi ya mwaka 1975 ninayoipenda kwa jinsi inavyoweka jambo hili wazi. Seremala alikuwa anarudi nyumbani na mfuko wake wa vifaa. Alipokuwa akijaribu kuingia kwenye treni iliyojaa, akagombana na abiria mwenzake, akachomoa nyundo na kumpiga. Je, alikuwa amebeba silaha ya kudhuru? Mahakama ikasema hapana. Nyundo ilikuwa ya kazi, na nia ya kuumiza ilimjia pale pale kwenye ugomvi. Kosa lake lilikuwa kumpiga mtu, na kwa hilo hakusalimika.

Sasa nunchaku. Mwaka 1989 mahakama ya Uingereza iliamua kwamba ni ya aina ya kwanza: imetengenezwa kwa ajili ya kujeruhi. Ule mjadala wa madojoni, yaani kumbi za mazoezi, kwamba asili yake ni kifaa cha kupuria nafaka haukusaidia kitu. Mwaka huo huo iliamuliwa kesi ya mtu aliyejifunza sanaa za mapigano, ambaye alikwenda na wenzake kudai magari kwa mtu aliyesifika kwa ukorofi, akabeba nunchaku kwa tahadhari. Sababu yake ilikataliwa. Hatari hiyo aliifuata mwenyewe kwa miguu yake, na angeweza kuwaachia polisi kazi hiyo.

Kwa hiyo unapokwenda mazoezini, nunchaku ikae ndani ya begi lililofungwa zipu, pamoja na gi, yaani vazi la mazoezi, na kadi ya klabu, nawe uwe njiani kwenda au kurudi kweli. Nasisitiza neno kweli. Ukimaliza mazoezi ukapitia baa na begi lile lile hadi saa tano usiku, sababu uliyokuwa nayo saa kumi na moja jioni imeanza kupwaya.

Juu ya hayo kuna orodha ya marufuku iliyoanza mwaka 1988. Nyota za kurusha zimo, na mundu wenye mnyororo uitwao kusarigama pia umo. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba nunchaku haimo. Mwanzoni katazo lilihusu kutengeneza, kuuza na kuingiza nchini, lakini tangu tarehe 14 Julai 2021 hata kuwa na silaha za orodha hiyo chumbani kwako ni kosa. Mwaka 2008 ziliongezwa panga zenye mkunjo na makali ya sentimita 50 au zaidi, ambamo katana, upanga wa Kijapani, inaangukia, isipokuwa zilizofuliwa kwa mkono kwa njia za jadi, au zinazotumika katika mchezo wenye bima. Tangu tarehe 1 Agosti 2025 upanga wa ninja nao ni marufuku, baada ya familia ya kijana wa miaka 16 aliyeuawa kwa upanga huko Wolverhampton mwaka 2022 kupigania jambo hilo bila kuchoka. Angalia kwamba hata hapa hakuna cheti cha kuomba. Kuna marufuku, na kuna misamaha.

Maneno haya ya Waingereza yalisafiri pamoja na sheria zao hadi kwetu. Bunduki, Tanzania na Kenya, ina leseni na ina mwenye jina. Panga halina. Mkulima hulifunga nyuma ya baiskeli asubuhi, na Mmasai mlinzi hukesha getini na rungu lake, bila karatasi yoyote. Lakini sheria za jinai za nchi zote mbili, zinapoeleza unyang'anyi, zinataja silaha ya hatari au ya kudhuru, wala hazisemi lazima iwe ya moto. Tanzania adhabu ya unyang'anyi wa kutumia silaha haipungui miaka 30. Anayemtolea mtu panga ili amnyang'anye simu yuko chini ya kifungu kile kile cha mwenye bastola, na anayetumia nunchaku asitegemee kuambiwa kwamba yake ni ya mazoezi.