Kuvuja oili si kula oili

Nimelisikia tena kosa lile la kusema gari linakula oili wakati linavuja, na safari hii nusura limfungulishe mtu injini nzima. Jamaa yangu ana gari la zamani, limeshatembea zaidi ya kilomita 200,000. Akaniambia, "Gari linakula oili, kila mwezi naongeza lita 1." Alikuwa ameshaambiwa kwamba ringi, yaani pete za pistoni, zimekwisha, injini ishushwe ifanyiwe ovaholi, ifunguliwe yote na kutengenezwa upya. Nikamuuliza kama huona matone chini akiegesha. Akasema hapana, pakavu kabisa, na ndiyo maana ana hakika kwamba linakula.

Tukafungua ile kinga ya plastiki inayofunika injini kwa chini. Bolti ya tatu ilipotoka, kinga ikainama upande mmoja na oili nyeusi ikanichuruzikia hadi kwenye kiwiko. Ndani yake mlikuwa na tope zito la vumbi na oili, majani makavu yamenasa humo, na nati moja iliyodondoka siku nyingi. Gari halikuwa linakula kitu. Lilikuwa linavuja, na kinga ndiyo iliyokuwa ikiyadaka matone kabla hayajafika chini.

Maana yenyewe ni fupi. Kuvuja oili ni oili kutoka nje ya injini kupitia mahali palipotakiwa kuziba: gasketi, sili, nati ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), filta, swichi ya presha. Kula oili ni oili kupenya ndani, ikaingia kwenye chumba cha mwako na kuungua pamoja na petroli au dizeli. Yote mawili hushusha kipimo kwenye dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, ndipo watu wanapoyachanganya.

Wala maneno haya hayakuokotwa ovyo. Kinachovuja ni chombo: nyumba, mtungi, ndoo, mtumbwi. Kilichovuja bado kipo, kimehama tu. Wahenga waliposema kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi, walikuwa wanajua kwamba mzigo umepungua kwa sababu sehemu yake imebaki njiani, na anayerudi njia ileile ataziona alama. Kula ni habari nyingine. Moto hula kuni, tairi huliwa upande mmoja, mtu hula akiba yake ikaisha. Kilicholiwa huwezi tena kukionyesha kwa kidole. Kwa hiyo fundi aliyesema kwanza kwamba injini "inakula" alikuwa amelipima neno lake vizuri: oili imeingia tumboni mwa injini na kutoka ikiwa moshi. Sisi ndio tuliolichukua na kulibandika kwenye kila dipstiki iliyoshuka.

Neno mafuta nalo linatuponza. Ni neno la kale sana, la ukoo mzima wa lugha za Kibantu: Kinyarwanda kina amavuta, Kizulu amafutha, Kishona mafuta, Kilingala mafuta. Lilikuwepo kabla ya injini yoyote, na kwa umri wake limebeba mengi: ya kupikia, ya kupaka, ya taa, ya mwilini. Petroli na dizeli zikaja zikajiunga humohumo. Sasa mtu akinipigia simu kwamba gari lake linavuja mafuta, sijui nimwambie atandike kadibodi chini au awaondoe watoto karibu na gari, kwa sababu petroli ikivuja cheche moja inatosha. Oili tumeikopa kwa Kiingereza, nacho kwa Kifaransa cha kale, nacho kwa Kilatini oleum, hadi Kigiriki elaion, ambayo ni mafuta ya zeituni. Huko kwao lilianzia jikoni. Kwetu limepewa kazi moja, kukitenga kilainishi cha injini na mafuta mengine yote. Tuliache lifanye kazi hiyo.

Halafu kuna sili, na hapa naomba nikae kidogo. Neno la Kiingereza lililotupa sili ndilo hilohilo la muhuri, kutoka Kilatini sigillum, alama iliyogandamizwa juu ya nta kufunga barua. Ukiwaza muhuri unawaza kitu kilichofungwa kisipite hata unyevu. Sili ya kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, haifanyi kazi hivyo. Ni pete ya mpira yenye mdomo unaoegemea chuma kinachozunguka maelfu ya mara kwa dakika. Mdomo huo ukikauka utaungua kwa msuguano, kwa hiyo kati yake na chuma lazima pabaki utando wa oili, mwembamba kuliko unywele. Baada ya miaka, unyevu kidogo hujitokeza nje na kushikana na vumbi. Mafundi huuita jasho, na jina hilo wamelipatia. Jasho linalowesha lakini halitoni. Kuvuja hutengeneza tone, na tone huanguka. Ukitaka kujua una lipi, futa sehemu hiyo ikauke, endesha siku chache, kisha urudi utazame. Ukikuta utando tu, hilo ni la kulichunga. Ukikuta tone linaning'inia, hilo ni la kutengeneza.

Gasketi ni kitu kingine, ingawa watu wengi wameviweka katika jina moja. Gasketi hukaa kati ya vipande viwili visivyozunguka, kama tapeti kava (mfuniko wa juu) na silinda hedi (kichwa cha injini), au sampu na bloku (mwili wa injini). Ikiwa ya mpira, joto la miaka huifanya iwe ngumu kama plastiki, na ukiitoa inakatika vipande mkononi. Na wapo wanaosikia "gasketi imekwisha" wakashika kichwa, wakidhani ni ya silinda hedi. Gasketi ya tapeti kava kwenye injini nyingi ni kazi ya kufungua bolti chache juu. Ya silinda hedi ni kufungua nusu ya injini. Fundi akisema gasketi, mwombe alimalizie jina.

Kiswahili kimetupa pia kitenzi kinachomaliza ubishi wote, nacho ni kuvujia. Usiishie kuuliza kama inavuja. Uliza inavujia wapi, na inaanzia wapi, maana hayo ni maswali mawili. Oili hutambaa kwa uzito wake kwenda chini, na gari likiwa mwendoni upepo huisukuma nyuma. Tone linaloanguka penye kiungo cha injini na giaboksi hufanya watu waseme ni sili ya nyuma ya kranki, na kazi hiyo kwa kawaida ni kushusha giaboksi. Mara nyingi chanzo kiko juu kabisa, kwenye kona ya nyuma ya tapeti kava, oili imeteremka mgongoni mwa injini kimyakimya. Kwa hiyo tafuta mahali palipolowa juu zaidi na mbele zaidi, hapo ndipo pa kuanzia. Osha injini kwanza, kwa sababu uchafu wa miaka 10 hauna ushahidi wowote. Ikishakauka, nyunyiza poda nyeupe ya kawaida sehemu unazozishuku, endesha kidogo, na mstari mweusi utajichora wenyewe juu ya poda. Wapo wanaotia kwenye oili rangi inayong'aa chini ya tochi ya urujuanimno; hiyo husaidia chanzo kinapokuwa pembeni pasipofikika kwa jicho.

Injini inayokula nayo ina dalili zake, na hazihitaji kuinama chini ya gari. Moshi wa bluu ukitoka gari linapowashwa baada ya kulala, shuku sili za valvu. Ukitoka unapokanyaga kwenye mlima, shuku ringi. Plagi huwa na utando mweusi wa oili. Na kula kidogo si ugonjwa: vitabu vya baadhi ya watengenezaji huruhusu hata karibu lita 1 kwa kilomita 1,000, kiasi ambacho mimi naona ni kikubwa.

Nikiri kwamba injini kuukuu inaweza kufanya yote mawili, na chanzo kikawa kimoja. Valvu ya kupumulia ikiziba, gesi zinazopenya kando ya pistoni hukosa njia, presha hupanda ndani ya injini na kuisukuma oili itoke kila penye udhaifu, nyingine nje kupitia sili, nyingine kwenye bomba la hewa ikaungua. Mtu hubadilisha sili ileile mara mbili na inavuja tena, kumbe angebadilisha valvu hiyo ndogo kwanza. Nayo ni rahisi kuliko karibu kila kitu nilichokitaja hapa.

Kuhusu dawa za kuzuia kuvuja: nyingi hufanya kazi kwa kulainisha na kuvimbisha mpira uliokakamaa, kwa hiyo sili iliyokauka inaweza kutulia kwa muda. Sili iliyochanika haitaunganishwa na dawa, wala sampu iliyopinda haitanyooka. Oili nzito hupunguza matone kwa sababu inapita polepole, lakini inapita polepole pia kule inakohitajika wakati wa kuwasha. Bora kusoma dipstiki kila wiki, gari likiwa limesimama tambarare na injini imepumzika dakika kadhaa. Kati ya alama ya chini na ya juu, kwa magari mengi madogo, ni takriban lita 1, kwa hiyo ukiandika tarehe na kipimo utajua inapotea kwa kasi gani. Uvujaji usiosubiri ni ule unaodondokea ekzosi, maana chuma hicho kikishapata moto kinaweza kuwasha oili.

Yule jamaa tulimbadilishia gasketi ya tapeti kava mchana uleule, tukaisafisha kinga na kuirudisha. Wiki iliyofuata akanipigia kunishukuru. "Ndugu yangu, halili tena oili." Nikamwambia nimefurahi, ila halikuwa linakula, lilikuwa linavuja, likivujia kwenye kinga. Akalirudia polepole, linavujia kwenye kinga, akasema sawa, atamwambia fundi wake hivyo.